Tuseme Mnara Ukiwa Bado Karatasini

Hii ni hotuba niliyoitoa mjini Unguja mbele ya wakazi, masheha na wanafunzi wa usanifu majengo. Naiweka yote hapa kwa wale ambao hawakuweza kufika.

Assalaam alaykum. Shikamooni wazee wangu. Masheha mliotuheshimu kwa kuja, kina mama, kina baba, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni: ingieni, huku mbele viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kila mmoja humu ndani ana lake la kusema. Mtu akionyeshwa mchoro wa mnara mpya wa fleti, hahitaji shahada ili aseme anaupenda au haupendi. Mnakumbuka ulipotangazwa mnara wa Fumba, ule walioupa jina la Burj Zanzibar? Ghorofa 28. Mita 96 kwenda juu. Fleti 266 za kuuzwa. Na sehemu kubwa ya jengo lenyewe, mbao. Picha ile ilizunguka kwenye simu zetu, na barazani hapakuwa na mazungumzo mengine. Wapo walioshangilia: na sisi tumo! Wapo waliouliza: mbao, na mchwa wa hapa? Wapo waliosema hii haifanani na Zanzibar. Na wapo waliouliza swali fupi kuliko yote: ni wa nani?

Halafu nikasikia jibu la baadhi ya wataalamu wenzangu. Wakasema, wananchi hawaelewi usanifu.

Ndugu zangu, nimekuja kuipinga kauli hiyo. Wananchi wanaelewa mengi. Kinachokosekana ni sisi kuwasikiliza mapema, wakati maneno yao bado yana uwezo wa kusogeza mstari kwenye mchoro.

Tuanze na hili: sura ya jengo ni ya nani? Mwekezaji atasema ni yake, kwa kuwa pesa ni zake. Mnunuzi atasema ni yake, kwa kuwa hati anayo. Lakini mwenye fleti analala ndani. Sisi wengine tunaishi nje yake. Yeye akifungua dirisha anaona bahari. Sisi tukiinua macho tunamwona yeye, asubuhi na jioni, na watoto wetu baada yetu.

Na hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, maana kisiwa chetu ni tambarare. Kilima kirefu kuliko vyote Unguja, kule Masingini, kina takriban mita 120 juu ya usawa wa bahari. Sasa weka mnara wa mita 96 pale Fumba, kando ya maji. Mvuvi aliye kwenye ngarawa katikati ya Ghuba ya Menai atauona. Atakayekuja kwa boti kutoka Dar es Salaam huenda akauona kabla ya kukiona kisiwa chenyewe. Je, mvuvi yule ameulizwa? Simaanishi kama anataka kununua fleti. Namaanisha ameulizwa anaionaje sura ambayo itamtazama kila siku ya kazi yake?

Nitawapa kisa cha Manila, mji mkuu wa Ufilipino. Pale pana bustani kubwa wanayoiita Luneta, na ndani yake pana sanamu ya José Rizal, shujaa wao, aliyepigwa risasi na Wahispania hapohapo tarehe 30 Disemba 1896. Mwaka huohuo ndio Waingereza walipopiga mizinga kasri za hapa kwetu. Sanamu ile imesimama tangu 1913. Kila mtoto wa skuli Ufilipino hupelekwa kupiga picha mbele yake. Ikaja kampuni, ikajenga mnara wa fleti wa ghorofa zaidi ya 40, jina lake Torre de Manila. Haukujengwa ndani ya bustani. Haukujengwa hata mpakani mwa bustani. Umesimama umbali wa mita 870 hivi nyuma ya sanamu. Lakini ukisimama mbele ya Rizal na kamera yako, unaye Rizal na mnara wa fleti nyuma ya kichwa chake.

Watu walikasirika. Mtembeza wageni mmoja mashuhuri wa pale, Carlos Celdran, akaanzisha waraka wa kukusanya sahihi. Mnara ukapewa jina la utani: mvamizi wa picha wa taifa. Mwaka 2014 chama cha kumuenzi Rizal kikaenda Mahakama ya Juu, na mwaka 2015 mahakama ikasimamisha ujenzi. Kufikia hapo mnara ulikuwa umeshapanda juu. Kesi ikaendelea, na Aprili 2017 majaji wakapiga kura: tisa dhidi ya sita. Kampuni ikashinda.

Kwa nini ilishinda? Sikilizeni vizuri. Majaji walio wengi hawakusema kwamba mnara ule unapendeza. Walisema hakuna sheria inayokataza kujenga jengo kwa sababu linaonekana nyuma ya sanamu. Taifa zima lilikuwa na hisia, na hakuna aliyekuwa ameiandika hisia hiyo kwenye sheria kabla ya msingi kuchimbwa. Leo watu wanaishi humo, na Rizal anao mnara wake nyuma.

Najua mtu atasimama aniambie: mzungumzaji, watu hulalamika halafu huzoea. Ni kweli, na sitaikwepa hoja hii, kwa sababu ndiyo silaha kubwa ya kila mwekezaji.

Tarehe 14 Februari 1887, gazeti la Le Temps la Paris lilichapisha barua ya wasanii wakubwa wa Ufaransa wakiupinga mnara wa chuma wa Gustave Eiffel. Walitia sahihi watu kama Charles Garnier, aliyebuni jumba la opera la mji huo, na Guy de Maupassant, mwandishi. Waliuona ni uchafu juu ya jiji lao. Leo nani anaweza kuifikiria Paris bila mnara ule? Basi walikosea? Ndiyo, walikosea. Watu wanaweza kukosea kuhusu sura.

Lakini Paris haikuishia hapo. Mwaka 1973 ulikamilika mnara mwingine, wa ofisi, pale Montparnasse, mita 210, mweusi, peke yake katikati ya mapaa ya chini. Watu wa Paris waliupinga, wakangojewa wazoee. Hawakuzoea. Mwaka 1977 jiji likaweka kikomo cha mita 37 kwa sehemu kubwa ya eneo lake. Mji uleule, watu walewale, minara miwili. Mmoja ulipendwa na mwingine ukazaa marufuku. Kwa hiyo anayekwambia watazoea tu, mwulize: watauzoea kama upi kati ya hiyo miwili?

Mimi nina maoni yangu kuhusu tofauti yake, nayo nimeyapata hapahapa Forodhani. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ilijengwa mwaka 1883 na Sultan Barghash. Ifikirieni kwa macho ya mtu wa wakati ule. Nguzo za chuma kutoka ng'ambo. Dari refu kuliko nyumba yoyote aliyoijua. Baadaye ikatiwa umeme, ikatiwa lifti. Kulikuwa na jengo geni kuliko hilo? Nyumba za mji ule vyumba vyake vilikuwa vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, na boriti ya mkoko ina mwisho wake. Beit al-Ajaib ilivunja kipimo hicho chote. Hata hivyo tulipoamka tarehe 25 Disemba 2020 tukaambiwa sehemu yake imeporomoka, watu wazima walilia. Tuliipenda. Tuliipendaje?

Naamini tuliipenda kwa sababu lile jumba liliujali uwanja ulio mbele yake. Lina varanda pande zote, kivuli kinachoanzia chini hadi juu. Mnara wake wa saa uliupa mji mzima saa. Na watu wa kawaida wakaja wakaingia, lilipokuwa makumbusho, wakapanda, wakatazama bandari kutoka juu. Mnara wa Eiffel nao ni hivyohivyo: umesimama kwa miguu minne, unapita chini yake, unapanda juu yake. Jengo refu husamehewa urefu wake kwa linavyowatendea watu walio chini. Hilo ndilo ninaloliona mimi.

Sasa rudini kwenye picha za minara mipya mnazotumiwa. Angalieni zimepigwa kutoka wapi. Zote ni za kutoka angani! Nani kati yetu anaishi angani? Picha ya ghorofa ya chini iko wapi? Pale mlangoni pana baraza ya kukaa, au pana ukuta na mlinzi? Kivuli cha mnara saa tisa alasiri kinaangukia wapi? Upepo wa kusi ukigonga ukuta wa mita 96 ukateremka, unamkuta nani chini? Nyumba ya Mji Mkongwe ilikuwa na baraza ya mawe nje, na mpita njia alikaa bila kuomba ruhusa. Ninaposikia mtu anasema mnara huu haufanani na sisi, mara nyingi ninaamini hazungumzii matao wala milango ya nakshi. Kubandika nakshi kwenye ghorofa ya 20 ni rahisi. Anazungumzia baraza.

Na hili ndilo la pili ninalotaka mlishike. Mtu anaposema mnara ni mbaya, mwulize tena. Chini ya neno lile pana jambo jingine, na jambo lile mara nyingi ni zito.

Chukueni mchwa na moto. Wataalamu walicheka: eti mchwa! Mimi sikucheka. Ni swali la kihandisi kamili. Mbao zinazotumika kwenye majengo marefu siku hizi si mbao za kuezekea banda. Ni tabaka nyingi zilizobanwa pamoja kwa gundi hadi zikawa nguzo na kuta nene. Zikishika moto, nje huungua ikawa mkaa kwa kasi inayojulikana, chini kidogo ya milimita moja kwa dakika, na ule mkaa hukinga kiini kwa muda. Ndiyo maana kule Norway wamejenga Mjøstårnet, mita 85, mwaka 2019, na Milwaukee kule Marekani wakakamilisha Ascent, mita 86, mwaka 2022. Mchoro wa Fumba unazidi yote miwili, na ngazi na lifti zake zimewekwa ndani ya kiini cha zege. Hayo ni majibu mazuri. Lakini Norway hakuna mchwa wa Unguja, wala unyevu wa masika yetu, wala chumvi ya upepo wetu. Kwa hiyo aliyeuliza kuhusu mchwa anastahili jibu la maandishi, lenye vipimo, kwa Kiswahili.

Mkitaka kujua gharama ya kuwapuuza wakazi, tazameni London. Grenfell Tower, ghorofa 24, nyumba za umma. Ulipofanyiwa ukarabati uliokamilika mwaka 2016, ulivishwa mabamba mapya kwa nje ili kuhifadhi joto na kuboresha sura yake. Wakazi walikuwa wameandika, tena na tena, wakionya kuhusu usalama wa moto katika jengo lao. Wakaonekana wasumbufu. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 moto ulianzia kwenye jiko la fleti moja, ukashika mabamba yale, ukapanda. Watu 72 walikufa. Na mwaka 2024 uchunguzi rasmi ulipotoa ripoti yake ya mwisho, mwenyekiti wake alisema vifo vyote vingeweza kuepukwa.

Watu 72. Ngozi ya jengo, ile tunayoiita sura tu, ndiyo iliyobeba moto. Msimruhusu mtu yeyote awaambie kwamba sura ni mambo ya urembo.

Na lifti je? Wazee humu mnakumbuka giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika na kisiwa kizima kikakaa bila umeme wa gridi. Miezi mitatu! Mama akiniuliza, bibi wa ghorofa ya 20 atashukaje umeme ukikatika, na maji yatampandia vipi, huyo amefanya tathmini ya hatari kuliko kijitabu chochote cha mauzo nilichokisoma.

Na lile swali fupi: ni wa nani? Zanzibar ardhi ni ya umma, lakini sheria ya mwaka 2010 inaruhusu fleti kumilikiwa moja moja, na mgeni naye anaweza kununua. Sipingi hilo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ninachouliza ni huo uponaji wa mwenyeji uko ukurasa gani wa mchoro. Watu wa Fumba wanaoishi kwa kuvua, watoto wao watavuka wapi kwenda pwani? Maji taka ya fleti 266 yataishia wapi, ilhali ghuba ile ni hifadhi tangu 1997?

Msinielewe vibaya. Mimi si adui wa ghorofa. Sensa ya 2012 ilituhesabu watu milioni 1.3, ya 2022 ikatuhesabu karibu milioni 1.9. Tukiendelea kutandaza vibanda chini, tutakula mashamba yote na mikarafuu yote. Lazima twende juu. Wazee wetu walikwenda juu Michenzani, zile nyumba za maendeleo za Mzee Karume, na wengi wenu mmezaliwa humo. Zilichorwa kwa mtindo wa Ujerumani Mashariki, ndefu, zimenyooka, zimevuka juu ya mitaa ya zamani ya Ng'ambo, upande wa pili wa Mji Mkongwe. Watu wakaingia, wakaweka biashara chini, wakaweka mabaraza, wakazifanya zao. Lakini kazi hiyo waliifanya wenyewe baadaye, kwa miaka mingi, kurekebisha ambacho mchoro haukuwauliza.

Nimefika kwenye la tatu, nalo nitalisema kwa nguvu kuliko yote: wakati.

San Francisco, Marekani. Mwaka 2012 baraza la jiji liliidhinisha jengo la fleti 134 za kifahari mbele ya bahari, namba 8 mtaa wa Washington. Kikomo cha urefu pale kilikuwa futi 84. Jengo likaruhusiwa kufika futi 136. Mita 41 hivi, chini ya nusu ya ule wa Fumba! Lakini watu wa mji ule walikuwa na kumbukumbu. Kwa miongo walikuwa wameishi na barabara ya juu ya magari, ya tabaka mbili, iliyowatenga na bahari yao. Tetemeko la 1989 likaiharibu, ikabomolewa 1991, na kwa mara ya kwanza wengi wakaiona bahari. Kwa hiyo walipoona mchoro ule, kilio chao kilikuwa: hatutaki ukuta ufukweni. Wakakusanya sahihi, wakalazimisha kura ya maoni, na Novemba 2013 jengo likakataliwa kwa wingi mkubwa. Mwaka uliofuata wakapitisha kanuni kwamba kuzidisha urefu kwenye ardhi ya bandari lazima wapiga kura waulizwe.

Mnaona tofauti na Manila? Manila walikwenda mahakamani mnara unapanda. San Francisco walisema jengo likiwa bado karatasi. Nakiri kura ile nayo ilikuwa na gharama: mji ule una uhaba mkali wa nyumba, na kusema hapana kwa kila kitu huwaumiza wasio na pa kulala. Ndiyo maana sitaki tujifunze kusema hapana tu. Nataka tujifunze kusema mapema.

Istanbul walichelewa. Minara mitatu ya makazi ilijengwa Zeytinburnu, na ikatokeza nyuma ya Msikiti wa Sultan Ahmet, katikati ya minara ya adhana. Waziri Mkuu wa wakati huo, Recep Tayyip Erdoğan, alisema hadharani kwamba alimwomba mwenye minara hiyo aipunguze. Mahakama ikaamuru. Lakini unapunguzaje ghorofa ambazo watu wameshazinunua?

Nasi tusijione tuko salama kwa kuwa Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Tumeshaona hapohapo Shangani jengo likipanda, na Kamati ya Urithi wa Dunia ikieleza wasiwasi wake wakati zege limeshakauka.

Basi tufanye nini? Mradi wa Ng'ambo Tuitakayo ulionyesha kwamba inawezekana: wapangaji wa mji walizunguka mitaani, wakawauliza watu ni sehemu zipi wanazithamini, wakaziweka kwenye ramani. Naomba jambo hilohilo kwa kila mnara, kabla ya kibali. Mchoro ubandikwe kwenye ofisi ya sheha, kwa Kiswahili. Mwekezaji alazimike kuleta picha ya jengo kutoka pale tunaposimama sisi: kutoka kwenye ngarawa, kutoka mlango wa skuli, kutoka kituo cha daladala. Alete mchoro mkubwa wa ghorofa ya chini. Aandike maji yanatoka wapi na maji taka yanakwenda wapi. Na kila swali lililoulizwa lijibiwe kwa maandishi, na jibu libandikwe palepale. Kisha jengo likianza kupanda, tuwe na haki ya kulipima kwa mchoro tulioonyeshwa.

Vijana wa usanifu, nanyi nina neno lenu. Mtakapoajiriwa mtaambiwa mchore haraka, na wananchi mtawaona ni kikwazo. Nendeni na karatasi zenu barazani kwanza, mkae, mnywe kahawa, mwaache wazee wawaharibie mchoro. Mtaurudia usiku huohuo, na utakuwa bora zaidi.

Masheha, fomu za maoni ziko mezani hapo mlangoni, na naomba kila shehia iondoke nazo leo. Zile za Fumba na vijiji vya jirani tuzikusanye kabla ya kikao kijacho, ili ziwafikie wapangaji wa mji zikiwa na majina na masuala yenyewe. Sasa kipaza sauti ni chenu. Tuanze na kina mama.